Waliopitia D.O.A.

Bendi ya panki inayojitambulisha kuwa ya kisiasa huhukumiwa, mara nyingi, kwa mashairi yake. Watu husikiliza santuri, huangalia inamkemea nani na inamtetea nani, kisha huamua kama bendi hiyo ina jambo au ina kelele tu. Mimi naona upo ushahidi mwingine, mzito zaidi, ambao wahakiki huupita haraka: orodha ya wapigaji, pamoja na mwaka ambao kila mmoja aliingia, mwaka aliotoka na sababu iliyomtoa. Shairi linaweza kuandikwa kwa usiku mmoja na kijana mwenye hasira. Orodha huandikwa na miaka, na ndani yake hujitokeza mambo ambayo hayaimbwi jukwaani: nani alimudu kubaki, nani alifukuzwa na kwa uamuzi wa nani, na aliyeitwa kujaza nafasi aliitwa kutoka wapi. Bendi ninayotaka kuipima kwa kipimo hicho ni D.O.A. ya Vancouver, katika pwani ya magharibi ya Kanada. Ilianza 1978. Katika miongo iliyofuata wamepita humo wapiga gitaa, wapiga besi na wapiga ngoma wengi, na aliyekuwamo katika kila kikosi ni mmoja tu, mwimbaji na mpiga gitaa Joe Keithley. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba D.O.A. kama bendi ilikufa zamani, na kwamba kilichobaki ni jina na mwenye jina. Hukumu hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini imekiweka kifo chenyewe mahali pasipo pake.

Tuanze walikotoka. Keithley alikulia Burnaby, mji unaopakana na Vancouver upande wa mashariki. Kabla ya D.O.A. kulikuwa na bendi iliyoitwa Stone Crazy, ambamo alipiga pamoja na Brian Goble, Ken Montgomery na Gerry Hannah, vijana aliokua nao. Ikafuata The Skulls, iliyohamia Toronto kutafuta bahati na kuvunjika hukohuko. Aliporudi nyumbani, Keithley aliunda D.O.A. na watu wawili: Randy Rampage kwenye besi na Chuck Biscuits kwenye ngoma. Chuck alikuwa mdogo wake Ken Montgomery, na bendi ilipoanza alikuwa hajatimiza miaka 14. Wakati huohuo Goble, Hannah na Ken wakawa katika bendi nyingine, The Subhumans, ambayo nayo ilikuwa ya kisiasa na yenye ukali uleule. Kwa hiyo tangu mwanzo hatuzungumzii bendi mbili zilizoshindana mjini. Tunazungumzia kundi moja la marafiki na ndugu lililojigawa mara mbili ili kila mtu apate chombo cha kupiga. Dave Gregg alipoongezwa mwaka 1980 kuwa mpiga gitaa wa pili, kikosi cha watu wanne kikatimia, na ndicho kilichorekodi Hardcore '81, albamu ambayo jina lake lilisaidia kuipa jina aina nzima ya muziki huo wa kasi na ukali katika Amerika Kaskazini.

Kisha kikosi kikavunjika kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 1982 Rampage aliondolewa. Mwaka huohuo Chuck Biscuits naye akaondoka, akaenda California kupiga na Black Flag. Kwa kipimo cha kawaida cha mashabiki wa muziki, hapo ndipo D.O.A. halisi ilipoishia, kwa kuwa nusu ya waliotengeneza sauti ile hawakuwapo tena. Lakini tazama nafasi hizo zilijazwa vipi. Besi ilichukuliwa na Brian Goble, aliyekuwa mwimbaji wa The Subhumans na rafiki wa Keithley tangu ujana. Kwenye ngoma aliketi Ken Montgomery, maarufu kwa jina la Dimwit, kaka yake Chuck. Nafasi ya mdogo ikakaliwa na mkubwa. Hakuna aliyetangaza nafasi ya kazi, wala aliyeajiri fundi kutoka mji mwingine kwa sababu ya ustadi wake tu. Pengo lilitokea ndani ya jamii, na jamii ileile ikaliziba. Mabadiliko ya namna hii si kufa kwa bendi. Ni dalili kwamba bendi ilikuwa kubwa kuliko watu waliokuwa jukwaani, na kwamba walioketi chini wakisikiliza walikuwa tayari wamo ndani yake.

Najua pingamizi la wapenzi wa muziki. Watasema kwamba ngoma za Chuck Biscuits hazikuwa na mfano, kwamba mtoto yule alipiga kwa nguvu na wepesi ambao hakuna aliyemfuata aliyeufikia, na kwamba bendi inayopoteza mpigaji kama huyo haiwezi kudai kuwa ileile. Kuhusu muziki siwapingi. Santuri za miaka mitatu ya mwanzo zina uhai ambao D.O.A. haikuurudia kwa ukamilifu. Ila swali langu linahusu bendi ya kisiasa, na siasa zina kalenda yake. Tukiuliza ni lini D.O.A. ilifanya kazi ambayo isingeweza kufanywa na bendi nyingine ya mji mwingine, jibu haliangukii kwenye kikosi cha kwanza. Linaangukia kwenye kile kilichofuata. War on 45, iliyotoka 1982, ilikuwa na nyimbo zilizoazimwa kwa wengine pamoja na zao wenyewe, ukiwamo wimbo wa kupinga vita uliowahi kuvuma kwa sauti ya Edwin Starr na mwingine wa The Dils, bendi ya California iliyojitambulisha na tabaka la wafanyakazi. Bendi iliyokuwa imezoea kuchukua wimbo wa mwenzake na kuupiga kama wake haikuona ajabu kumchukua mpiga besi wa bendi jirani na kumpokea kama wake.

Mwaka wa 1983 unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake hoja yangu inasimama au inaanguka. Tarehe 7 Julai serikali ya jimbo la British Columbia, chini ya Waziri Mkuu wa jimbo Bill Bennett wa chama cha Social Credit, ilileta bajeti ya kubana matumizi pamoja na miswada 26 iliyogusa karibu kila mtu wa kipato cha kawaida: haki za wafanyakazi wa umma, ulinzi wa wapangaji, tume ya haki za binadamu. Vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kiraia viliungana, na makumi ya maelfu ya watu wakajaa mitaani Vancouver. Katika Novemba wafanyakazi wa serikali waligoma, walimu wakafuata, na mgomo mkuu wa jimbo zima ukaonekana kuwa umekaribia. D.O.A. ilitoa santuri yenye jina la General Strike, yaani ikaitaja kwa jina hatua ileile ambayo viongozi wa vyama walikuwa wakiijadili kwa tahadhari. Tarehe 13 Novemba mapatano yalifikiwa Kelowna kati ya Bennett na Jack Munro, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mbao, na mgomo mkuu haukufanyika. Wengi waliokuwa mstari wa mbele waliona wameachwa njiani. Wimbo ukabaki ukidai jambo ambalo viongozi walikuwa wamelifuta, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora ambayo bendi ndogo inaweza kuutolea mji wake: kushika msimamo wa watu wa chini hata pale wasemaji wao wanapouachia.

Mwaka huohuo lilitokea jambo gumu zaidi. Tarehe 20 Januari polisi waliojifanya mafundi wa barabara waliwakamata watu watano karibu na mji wa Squamish. Kundi lao, Direct Action, lilikuwa limelipua kituo cha umeme katika Kisiwa cha Vancouver Mei 1982, na Oktoba mwaka huo likalipua kiwanda cha Litton mjini Toronto, kilichotengeneza vipuri vya kuongozea makombora ya Marekani. Mlipuko wa Toronto uliwajeruhi watu 10. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa Gerry Hannah, yuleyule wa Stone Crazy na The Subhumans. D.O.A. ilirekodi santuri ya kuchangia gharama za utetezi wa watuhumiwa, na mmoja wa nyimbo zake ulikuwa utunzi wa Hannah mwenyewe kutoka siku za The Subhumans. Goble, aliyekuwa akiuimba wimbo huo katika bendi ya zamani, sasa alikuwa mpiga besi wa D.O.A. Hapa ndipo orodha ya wapigaji inaposema wazi kuliko shairi lolote. Bendi nyingi za panki duniani zingeweza kutoa tamko la mshikamano na wafungwa wa Squamish. D.O.A. ilikuwa na mtu aliyeujua wimbo wa mfungwa kwa koo lake, kwa sababu mabadiliko ya kikosi yalikuwa yamemleta humo.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama mshikamano huo haukuwa upofu wa urafiki. Watu 10 waliumia Toronto, nao walikuwa watu wa kawaida, wala hapakuwa na jenerali hata mmoja kati yao. Mimi silitetei bomu lile. Kuna mpaka kati ya kumtafutia mtu wakili na kukitukuza alichofanya, na katika joto la 1983 mpaka huo haukuchorwa kwa uangalifu kila mara. Hata hivyo, Hannah alikiri makosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 10 na kutumikia miaka mitano. Mwenzake Ann Hansen alihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi zenye adhabu nzito namna hiyo zilihitaji utetezi unaolipiwa, na mchango ulitoka kwa waliomjua mshitakiwa tangu akiwa mvulana. Bendi ya kisiasa ambayo ingemkimbia jirani yake siku alipofikishwa mahakamani ingebaki na siasa gani? Nasema hivi nikijua kwamba ukaribu uleule unaoleta uaminifu unaweza pia kuzuia lawama iliyostahili kutolewa. Vyote viwili vilikuwamo, na bendi haikuweza kuchukua kimoja ikaacha kingine.

Miaka mitatu baadaye Vancouver iliandaa maonyesho ya dunia ya Expo 86. Hoteli za bei nafuu katika mtaa wa Downtown Eastside, zilizokuwa makazi ya kudumu ya wazee na maskini, ziliwatoa mamia ya wapangaji wao ili zipangishwe kwa watalii. D.O.A. ilishiriki, pamoja na bendi nyingine za mkoa huo ikiwamo NoMeansNo, katika santuri ya pamoja iliyopinga maonyesho hayo. Sitakaa sana hapa. Inatosha kuona kwamba kati ya 1982 na 1986 hakukuwa na mgogoro mkubwa wa mji huo ambao bendi hii haikuutolea sauti, na kwamba yote hayo yalifanywa bila Rampage na bila Biscuits, katika kipindi ambacho hata kiti cha ngoma kiliendelea kubadili mkaaji. Kilichobaki palepale ni Keithley, Gregg na Goble, na nyuma yao mji.

Kwa nini basi watu waliondoka? Jibu rahisi ni ugomvi, na ugomvi ulikuwapo. Jibu zito zaidi ni riziki. Vancouver imejitenga na miji mingine mikubwa ya Kanada: Calgary, iliyo karibu zaidi, iko ng'ambo ya Milima ya Rocky, umbali wa karibu kilomita 1,000 kwa barabara, na Toronto ni zaidi ya kilomita 4,000. Bendi inayoishi kwa viingilio vya kumbi ndogo ilipaswa kulala ndani ya gari wiki baada ya wiki, na kila onyesho la kuchangia mgomo au kesi lilikuwa onyesho lisilolipa kodi ya nyumba ya aliyelipiga. Mwanasiasa wa kazi hulipwa mshahara akiwa katika mapambano, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi pia. Mpiga ngoma wa bendi ya kisiasa hulipwa na wale walewale maskini anaowatetea, au halipwi kabisa. Chuck Biscuits baada ya Black Flag alipiga na Circle Jerks, kisha na Danzig na Social Distortion, bendi zenye soko pana, na sioni haki ya mtu yeyote kumwita msaliti kwa sababu hiyo. Rampage aliimba na Annihilator, bendi ya muziki mzito, na kwa miaka alifanya kazi bandarini Vancouver. Gregg aliondoka 1988. Desemba 1990 bendi yenyewe ilitangaza kwaheri, ikaagana na mashabiki wake, na 1992 ikarudi ikiwa na kikosi kingine.

Ninachokilaumu ni desturi ya kuita uaminifu kile ambacho mara nyingi ni uwezo. Aliyebaki husifiwa kwa msimamo, aliyeondoka hunong'onwa kwamba alichoka au aliuza. Lakini kubaki katika bendi isiyolipa kunahitaji afya, familia inayovumilia, paa ambalo mtu mwingine analilipia au kazi nyingine inayoruhusu safari. Wasiokuwa na hayo hutoka, hata kama imani yao ni ileile. Na wengine walitolewa na kifo. Ken Montgomery alifariki 1994. Ken Jensen, mpiga ngoma wa kikosi kilichorudi 1992, alifariki Januari 1995 nyumba ilipoungua, na albamu iliyofuata ikamaliziwa kwa msaada wa John Wright wa NoMeansNo, ambaye alikuwa ameshafanya kazi na bendi kama mtayarishaji. Tazama tena: hata msibani, aliyeshika vijiti alikuwa jirani. Goble aliondoka 1996. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka ambao wanaotafuta kifo cha D.O.A. wangepaswa kuutazama, kwa sababu Goble alikuwa wa mwisho wa wale waliokua na Keithley kushika nafasi mfululizo katika bendi. Rampage alirudi baadaye kwa vipindi, akasikika katika Win the Battle ya 2002 na Northern Avenger ya 2008, na kurudi kwake kulikuwa na thamani, lakini alirudi kama mgeni wa heshima katika nyumba ambayo sasa ilikuwa ya mtu mmoja.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapopata nguvu. Ikiwa jina ni la Keithley, kampuni ya kurekodi, Sudden Death Records, ni ya Keithley, na uamuzi wa kuanza na kuvunja ni wa Keithley, je, bendi iliyohubiri usawa haikuwa na mwajiri ndani yake? Sitalikwepa swali hili. Ndiyo, kwa kiasi fulani ilikuwa naye. Rampage hakuondolewa 1982 kwa kura ya mkutano wa mtaa. Bendi za aina hii zimejaribu njia nyingine, na inafaa kuzilinganisha. Crass ya Essex, Uingereza, iliishi pamoja katika nyumba moja, ikaficha majina binafsi nyuma ya jina la kundi, na ikaacha kazi 1984. Chumbawamba ya Leeds iligawana mapato kwa usawa, ikadumu miaka 30 hadi 2012, na ilipokosa nguvu ya kubeba watu wanane ilijipunguza kwa hiari na kubadili hata vyombo. Huo ni mfano bora kuliko wa Vancouver, na ninausifu bila kusita. Ila mifano ya upande wa pili ni mibaya zaidi. Dead Kennedys wa San Francisco, walioanza mwaka uleule wa 1978, waliishia mahakamani. Wapigaji watatu walimshitaki mwimbaji wao Jello Biafra kuhusu mirabaha, mwaka 2000 baraza la mahakama likaamua kwa upande wao, na kuanzia 2001 jina likazunguka majukwaani bila mtu aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi. Walikuwa na haki ya fedha zao, na sina neno juu ya hilo. Lakini bendi ile haijatoa albamu mpya ya studio tangu kurudi. Wengi wa waliounda kikosi walikuwamo iliporudi, na kazi ya kisiasa haikuwamo. Black Flag nayo 2013 ilijikuta katika kesi ambapo mwanzilishi wake Greg Ginn alijaribu kuwazuia wenzake wa zamani kupiga nyimbo zilezile chini ya jina la Flag, na mahakama ikakataa kuwazuia.

Ukiyaweka hayo kando ya D.O.A. unaona kwamba wingi wa watu wa mwanzo hauthibitishi chochote peke yake. Dead Kennedys walibaki na watu wakapoteza sababu. D.O.A. ilipoteza watu, na kwa miaka mingi ikashika sababu, kwa kuwa ilijazwa upya kutoka pale ilipozaliwa. Tofauti iliyo muhimu ni kama kikosi kinawajibika kwa watu walio nje yake, wanaoweza kukiuliza kinafanya nini. Katika miaka ya 1980 mji uliweza kumuuliza Goble, kumuuliza Gregg, kumuuliza Dimwit, kwa kuwa wote walikuwa wenyeji wenye sauti zao katika jamii ya muziki huo. Baada ya 1996 wa kuulizwa alibaki mmoja. Wapigaji waliofuata walikuwa hodari, na baadhi walitumikia miaka mingi kuliko wale wa mwanzo, lakini siasa za bendi zilikuwa zimehama kutoka kikosini kwenda kwa mtu. Anayepinga hili ataonyesha albamu za baadaye, na ni kweli mashairi yake hayakulegea. Ninachosema ni kwamba mashairi makali yanaweza kuendelea muda mrefu baada ya bendi kuacha kuwa chombo cha wengi.

Kuna kasoro nyingine ambayo orodha inaifichua, na hiyo ilikuwapo tangu siku bora. Katika vikosi vilivyorekodi albamu za D.O.A. nafasi zote zilikaliwa na wanaume. Haikuwa kwa sababu wanawake hawakuwapo. The Dishrags, bendi ya wasichana watatu waliotoka Victoria, walikuwa jukwaani Vancouver kabla panki haijakomaa kule, na Januari 1979 walifungua onyesho la The Clash katika ukumbi wa Commodore. Katika kesi ya Squamish wanawake walikuwa washitakiwa kama wanaume. Mji uliwajua. Jamii ile ya marafiki niliyoisifu kwa kujaza mapengo ilikuwa jamii ya wavulana wa Burnaby, na kila pengo lilipotokea ilitazama ndani yake yenyewe. Kujaza nafasi kwa rafiki na ndugu kuliilinda bendi dhidi ya soko, na papo hapo kukaifungia nje nusu ya watu iliodai kuwasemea. Haitoshi kujibu kwamba bendi zote za wakati ule zilikuwa hivyo, maana Crass na Chumbawamba zilikuwa na wanawake mbele ya kipaza sauti. Nadhani bendi ingedumu kuwa ya wengi kwa muda mrefu zaidi kama mduara ule ungepanuliwa mapema.

Kilichofuata kinathibitisha kwamba siasa zilikuwa zimehamia kwa mtu mmoja. Keithley aligombea ubunge wa jimbo kwa tiketi ya Chama cha Kijani 1996 na tena 2001, bila kushinda. Januari 2013 D.O.A. ilivunjwa kwa sababu alitaka kuteuliwa na chama cha New Democratic. Uteuzi ukaenda kwa mwingine, na 2014 bendi ikaundwa tena ikiwa na wapigaji wapya. Bendi inayovunjwa na kuundwa kwa kufuata ratiba ya uchaguzi ya mtu mmoja, hata akiwa mtu mwema, imekwisha kuwa ofisi yake. Lakini tarehe 20 Oktoba 2018 alichaguliwa kuwa diwani wa Burnaby kwa tiketi ya Chama cha Kijani. Ulikuwa uchaguzi uliotawaliwa na suala la nyumba: majengo ya kupanga yenye kodi nafuu katika eneo la Metrotown yalikuwa yakibomolewa ili kupisha minara, wapangaji wakitolewa, na meya Derek Corrigan, aliyekaa madarakani miaka 16, aliangushwa. Kabla ya siku hiyo viti vyote vya baraza vilikuwa mikononi mwa chama kimoja. Mwaka 2022 Keithley alichaguliwa tena, na muda wote huo aliendelea kupiga na D.O.A.

Wako wanaoona udiwani huo kama mwisho wa aibu kwa panki. Mimi sioni hivyo. Wapangaji wa Metrotown walikuwa na shida ileile ya wapangaji wa Expo 86, na mtu aliyewaimba wa kwanza alikuwa na wajibu wa kuwatumikia wa pili kwa njia yoyote halali aliyoipata. Kauli mbiu ya bendi kwa miaka mingi imekuwa kwamba maneno ukiyaondolea vitendo hubaki sifuri, na kura katika baraza ni kitendo. Zaidi ya hayo, diwani anaweza kuulizwa. Ana wapigakura, ana kumbukumbu za vikao, ana siku ya kurudi kuomba kura. Uwajibikaji uliopotea kikosini pale wenzake walipoondoka ulirudi kwa mlango mwingine, kupitia watu wa Burnaby wenyewe. Naona hilo ni jema kwa mji, na naona pia kwamba halikuifufua bendi. Diwani Keithley na D.O.A. ya sasa ni vitu viwili, na sifa ya kimoja isitumike kuremba kingine.

Katika 2014 walifariki Dave Gregg, mwezi Machi, na Brian Goble, mwezi Desemba. Randy Rampage alifariki Agosti 2018, miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi ule. Walioshika nafasi za mwanzo na wako hai sasa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na historia ya bendi hii inazidi kusimuliwa kupitia aliyebaki, ambaye ameandika vitabu na kuhojiwa mara nyingi. Hilo si kosa lake. Ni kazi ya wanahistoria wa muziki wa Vancouver, maktaba zake na vyuo vyake kuwatafuta wapiga ngoma, wapiga besi na wapiga gitaa waliopita D.O.A. kwa mwaka mmoja au kumi, na kuwauliza maswali ambayo santuri hazikuyajibu: walilipwaje, nani aliamua nini, waliondoka kwa nini, na mjini walirudi kufanya kazi gani. Wafanye hivyo wakati bado kuna wa kujibu.